Mida au Sokoke? Pa kutazama na kupiga picha ndege, kaskazi na kusi

Ukishuka matatu Gede, kwenye barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, unakuwa umesimama katikati. Upande wa bara ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa aina yake uliobaki pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa bahari ni hori ya Mida: maji, tope na mikoko, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Kutoka huku hadi kule bodaboda haimalizi nusu saa. Hata hivyo mtu mwenye siku moja, kamera moja na nauli ya kwenda na kurudi Mombasa hana budi kuchagua, kwa sababu msitu unamtaka awepo alfajiri, na hori haijali alfajiri wala magharibi. Hori inafuata maji.

Nimeulizwa mara nyingi ni wapi pazuri zaidi, nami hujibu kwa maswali mawili. Unakuja mwezi gani? Na mwezi wa angani siku hiyo utakuwa umefikia wapi? La pili huwafanya watu wacheke, wadhani nataka kuwapigia ramli.

Kaskazi ni ya Mida

Mwishoni mwa Agosti wageni wa kwanza huanza kutua Mida, na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inaposhika kuanzia Novemba, tope limeshajaa ndege. Vitwitwi wametoka Siberia na Asia ya Kati. Sululu wapo, wenye mdomo mrefu uliopinda ambao unatosha kukueleza jina lao limetoka wapi. Jioni keremkerem wekundu, rangi ya waridi iliyokolea, huja kwa makundi kulala kwenye mikoko. Lakini anayewatoa watu Nairobi na Ulaya ni ndege mmoja, mla kaa, ambaye kwa jina la kisayansi ni Dromas ardeola. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa jirani zake wote, kwa kuwa kazi yake ni kuvunja gamba la kaa.

Safari ya huyu ndege mtu wa pwani anaielewa bila kuelezwa sana. Huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kati ya Aprili na Julai, kisha hushuka kwetu. Ni njia ya majahazi, ila yeye hangoji upepo wa kaskazi ushike ndipo atweke. Kule kwao huchimba shimo mchangani na kutaga yai jeupe moja humo ndani, jambo ambalo hakuna mwingine wa jamii ya vitwitwi hulifanya. Na kinda akishajua kuruka hamwachi mzazi. Miezi kadhaa baadaye, hapa Mida, utamsikia bado akipiga miluzi nyuma ya mkubwa wake akidai chakula, na kwa kimo wanalingana! Ukitaka picha moja ya kuondoka nayo, ni hiyo: mzazi na kaa mdomoni, na jitoto zima limeinamisha shingo linaomba.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nikienda Desemba, kwa sababu ndiyo likizo. Nikarudi na mamia ya picha za ndege wa kijivu ambao mpaka leo siwezi kuapa yupi ni yupi. Ndege hawa wakiwa huku huvaa nguo za safari. Rangi zao huanza kurudi wanapokaribia kuondoka, kwa hiyo wiki mbili za mwisho za Machi na za kwanza za Aprili utamkuta kitwitwi wa Siberia, mwenye mdomo uliopinda kidogo, ameanza kuwa mwekundu wa tofali kuanzia usoni hadi tumboni, na vitwitwi wadogo wa mchangani wamevaa mkanda wa rangi ya chungwa kifuani. Tarehe hizo pia ndizo za kubahatisha na mvua za masika. Mimi huchagua kubahatisha.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikija, hori hutulia. Wengi wameondoka. Hubaki walakaa wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki yangeyange na membe, na maji huwa na upepo. Mida ya Juni ni ya mtu anayeishi Watamu na anaweza kurudi kesho. Mtu wa kuja siku moja kwa matatu nisingemshauri.

Kusi ni ya msitu, lakini msitu haufungi

Sokoke haina msimu wa kufungua na kufunga duka. Ndege waliolipa jina lake umaarufu ni wenyeji wa mwaka mzima: bundi mdogo wa Sokoke, kwera wa Kilifi ambaye haonekani popote duniani nje ya kaunti hiyo, na wengine ambao ukiwakosa hapa itabidi uwatafute mbali sana, kama utawapata.

Kabla ya kuuliza saa, uliza udongo. Msitu huu ni misitu mitatu. Kuna ule mchanganyiko wenye mibambakofi. Kuna wa mirihi, kwenye mchanga mweupe, ambao ni mwangavu na una nafasi kati ya mti na mti. Na kuna vichaka vya Cynometra kwenye udongo mwekundu, vimesongamana kama nywele zisizochanwa. Bundi wa Sokoke anakaa kwenye wekundu. Kwera anapita juu ya mirihi, mara nyingi ndani ya msafara wa ndege wa aina nyingi wanaowinda wadudu pamoja, na msafara huo ukikukuta una dakika mbili au tatu za shingo kuuma, kisha kimya kinarudi. Kwera huyu anajulikana kwa sayansi tangu 1913, lakini mahali anapojenga viota pakawa fumbo la karne nzima. Walikuja kugundulika wakizaa mwaka 2013, si Sokoke, bali kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa msitu huu.

Kinachoongezwa na kusi ni wageni wa kutoka upande mwingine. Wakati Mida inapoaga wa Siberia, msitu unapokea wa kusini: ndege mwenye madoadoa kifuani anayechakura majani makavu chini ya miti, na yule ndege aitwaye pita, wa rangi zote, anayeonekana kwa bahati tu, nusu sekunde, halafu unabaki ukijiuliza. Wa madoadoa hukaa kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, na huhitaji kuingia msituni ndani kumtafuta. Magofu ya Gede, kwenye kivuli cha miti mikubwa kati ya kuta za kale, ni mahali pake pa kujulikana.

Nisifiche ubaya. Mei na Juni msitu ni tope na mbu, na njia nyingine gari dogo halitoki. Januari na Februari ni joto kavu. Ndege husema mpaka saa mbili na nusu asubuhi, kisha hunyamaza kama wamekatazwa. Ninachopenda ni Agosti hadi Oktoba mwanzoni. Hewa ina ubaridi, wa kusini hawajaondoka, na wageni wa Mida wameanza kutua. Anayesema nataka pande zote mbili kwa safari moja, namwambia Septemba. Kila upande atapata kidogo pungufu ya kilele chake, ila atapata.

Kwenye hori unasoma mwezi, msituni unasoma jua

Mara yangu ya kwanza Mida nilifika saa nne asubuhi, nimejitayarisha kwelikweli, stendi begani. Nikapita daraja la mbao na kamba linaloyumba kati ya mikoko mpaka kibanda cha kujifichia mwishoni, nikatazama. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Tope limeenea mpaka macho yanachoka, na ndege walikuwa kule, nukta nukta, kama mtu amemwaga kunde. Joto lilishaanza kuchemsha hewa juu ya tope na mazigazi yakawafanya watikisike. Nilipiga picha hata hivyo. Zote ni za mazigazi.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu na daraja aliniuliza, "Mwanangu, hukutazama maji kabla ya kuja?" Nikamwambia nilitazama saa. Akacheka mpaka akaacha kushona.

Mantiki yenyewe ni hii. Maji yakikupwa, ndege hutawanyika kwenye eneo kubwa, mbali nawe. Yakianza kujaa, tope linapungua na ndege wanasogezwa, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya kibanda. Wewe unakaa kimya, bahari inakuletea. Yakijaa kabisa hawana pa kusimama, huruka kwenda kupumzika kwingine. Kwa hiyo una saa moja na nusu au mbili za dhahabu, kabla maji hayajafika kileleni.

Hapo ndipo mwezi unapoingia. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka: kilele huwa asubuhi, na maji yenyewe hayana nguvu ya kuwasukuma ndege. Kibanda kiko upande wa bara wa hori na kinatazama mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anakuwa kivuli. Alasiri jua liko mgongoni kwako na ndege wamewaka. Basi bamvua inakupa vyote viwili kwa pamoja: maji yanayojaa na jua lililo mahali pake, kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu. Siku ya Idd el-Fitri, kwa hesabu hii, ni siku ya Mida, maana mwezi umeandama jana yake. Mwaka 2025 Idd hiyo ya mfungo mosi iliangukia mwisho wa Machi, na ndege walikuwa katika kuvaa rangi zao. Ukishakula pilau, maji yanajaa.

Msituni hesabu ni fupi. Uwe ndani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utoke saa tatu. Urudi saa kumi jioni ukipenda. Katikati, lala.

Kamera gani, na kama ni lazima kamera

Watu hudhani lenzi ndefu inafaa kila mahali. Mida, ndiyo. Ndege wako wazi na mwanga upo wa kumwaga. Milimita 400 ni mwanzo, 600 ni raha, na hata kamera ndogo yenye lenzi isiyobadilishwa, zile zinazovuta mbali sana, hutoa picha safi kabisa maana jua linaifanyia kazi. ISO, kipimo cha kamera cha kunasa mwanga, ya 400 inatosha. Ndege anayeruka atakutaka sekunde 1/2000, na utaipata. Hatari ni weupe wa mla kaa: kamera huona tope lenye kivuli ikaongeza mwanga, na manyoya yakaungua yakawa karatasi. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu (hatua moja ya mwanga kwenye kamera), kisha tazama kioo chako.

Sokoke ile ile lenzi ya 600 itakusumbua. Kwenye vichaka vya udongo mwekundu ndege yuko mita tano na mbele yake vijiti ishirini, na kamera inachagua vijiti. Mwanga ni wa chumba chenye pazia. Nimepiga kwa ISO 6400 na sekunde 1/100, nikishika pumzi, na katika picha arobaini nikabakiwa na mbili. Lenzi fupi yenye tundu pana ndiyo hufaa, na hiyo ndiyo ghali. Kwenye mirihi hali ni afadhali, lakini huko ndege wako juu na anga jeupe nyuma yao. Hapo fanya kinyume cha Mida, ongeza mwanga.

Darubini, kwa upande wangu, ni jambo la kununua kabla ya kamera. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na kioo cha mbele cha milimita 42, ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue kama anapenda msitu, kwa sababu inaona pana na inanywa mwanga. Kwa Mida peke yake ya 10x42 ina faida, na anayeweza kuazima darubini kubwa ya kusimamishwa kwenye stendi ataona nyayo za walakaa zikiacha alama kwenye tope. Waongozaji wengi huwa nayo wenyewe. Omba kabla ya kulipa.

Msitu unataka masikio

Hori hata kiziwi ataifurahia. Msitu usipousikia hujaingia. Mwongozaji aliyenichukua asubuhi moja, kijana wa Kigiriama, alikuwa akitembea kichwa kimeinama kabisa kama mtu aliyepoteza sarafu. Nilidhani ana huzuni. Kumbe anasikiliza. Kila hatua chache alitaja jina, na mimi sikuona hata unyoya.

Bundi wa Sokoke tulimwona hivyo hivyo. Usiku wa jana yake mwongozaji alikuwa amesikia analilia wapi. Asubuhi akaingia kichakani kwa magoti, akakaa humo dakika kumi, akanyoosha mkono nyuma kuniita. Ndege mwenyewe ana kimo cha kama sentimita 16. Alikuwa wa kahawia iliyochomwa (wapo pia wa kijivu), ameegemea shina, jicho moja limefunguliwa kidogo kutuhukumu. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hukosa usingizi, na mama yangu sijamwambia kwamba nimelipa pesa kumfuata mmoja kichakani. Sayansi ilimfahamu huyu katika miaka ya 1960 tu. Nje ya hapa anapatikana chini ya milima ya Usambara, Tanga.

Taa ya kamera usiwashe kwake, wala usimchezee sauti iliyorekodiwa kumtoa. Mida nako usimkurupue ndege aruke upate picha ya mbawa: mla kaa wa Machi anajaza mafuta ya safari ya kurudi Ghuba, na kila kuruka kwa sababu yako kunayapunguza.

Mengine yasiyo ndege

Hapa msitu unashinda bila kugombana. Sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mwenye pua kama mkonga mdogo, ni mnyama ambaye ulimwengu wake karibu wote ni msitu huu na vipande vya jirani. Unamsikia akipiga majani kwa mkia kabla hujamwona. Paa nunga yumo, ingawa kumwona ni bahati ya mtu mwingine siku zote. Ndovu nao wamo, na ndiyo sababu ya kutoingia peke yako. Pita ofisi ya msitu Gede uchukue mwongozaji. Mida ina kaa wa kila rangi na, ukipanda mtumbwi, mizizi ya mikoko kwa karibu.

Kwa gharama, mwongozaji wa msitu ni nusu siku nzima na huwezi kumkwepa. Mida ukilipa kiingilio cha daraja unaweza kukaa mwenyewe. Daraja hilo lilijengwa chini ya mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na kinachopatikana husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na hori. Watoto wadogo wapeleke Mida. Daraja linayumba na hilo tu linawatosha. Mzee mwenye magoti mabaya pia Mida, ila daraja lisimtie hofu. Mwenye watoto wanaotaka kugusa kila kitu na mzee kwa pamoja, basi magofu ya Gede: kima watawachekesha, na sange huonekana huko mara nyingi kuliko msituni.

Basi nani aende wapi

Mwenye kamera ya kwanza na siku moja, kati ya Oktoba na Aprili: Mida, siku ya bamvua, alasiri. Hapana haja ya kufikiri zaidi. Mwenye orodha ya ndege anaowatafuta duniani, mwezi wowote: Sokoke, siku mbili angalau, na asihesabu picha. Wa Juni na Julai: Sokoke, na viatu vya kuzama. Anayesafiri siku za maji mafu na hawezi kubadili tarehe aende msituni, hata kama ni Februari na jasho linamtoka.

Mwenye siku mbili na usiku mmoja alale Watamu au Gede. Siku ya kwanza afike Mida saa saba na nusu mchana, akae mpaka keremkerem warudi kulala. Aombe mwongozaji wa msitu aende kusikiliza bundi usiku huo. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu waingie pamoja kwenye udongo mwekundu. Saa nne anakuwa barabarani Gede akingoja matatu ya Mombasa, na huko zinafika zimeshajaa kutoka Malindi. Begi la lenzi alipakate. Kondakta atataka kulitupa nyuma pamoja na magunia ya maembe.